Tiknesa ya karakana ya nyumbani hapa Dodoma: ndogo mpya, ya chuma ya Kichina, au mtumba wa Japani?

Mkazi_wa_Nzuguni

Mbukwenyi wakuu,

Naomba mawazo ya mafundi na ya wanaojifunza ufundi kama mimi. Nataka kununua tiknesa, ile mashine ya kuranda ubao upate unene mmoja. Mchana nipo ofisini kule Mji wa Serikali, Mtumba, jioni na wikiendi nachonga mbao nyumbani Nzuguni. Natengeneza vitanda, meza za chakula, makabati ya vyombo, na sasa majirani wameanza kuniletea oda za milango. Banda langu ni la bati, mita 3 kwa 5, limeegemea ukuta wa nyumba. Umeme ni wa fezi moja, LUKU ya kawaida.

Kinachonisumbua ni unene. Mninga ninaonunua unakuja umepasuliwa huko huko porini, ubao mmoja huku inchi moja, huku inchi moja na robo. Nina randa ya mkono na randa ya umeme ya mkononi ya milimita 82, lakini kuzipa mbao za juu ya meza unene mmoja kwa vifaa hivyo ni kazi ya kuvunja kiuno. Kwa hiyo huwa nazipeleka kwenye mashine moja huku mjini. Nalipa elfu moja kwa ubao, nasubiri nyuma ya watu wa fremu za milango, na mbao zinarudi na mstari mrefu katikati kwa sababu kisu chao kina pengo na hawana haraka ya kukinoa. Mzigo wa mwisho niliupima kwa venia: ncha moja milimita 22, nyingine 19 na nusu, ubao huohuo. Kuuliza, nikajibiwa "msasa utamaliza".

Nimetenga milioni mbili na nusu, na nina njia tatu mbele yangu. Kuna tiknesa ndogo mpya za kukaa juu ya meza, za inchi 12 au 13. Kuna mashine ya Kichina ya chuma, juu plena (ya kusawazisha uso na ukingo) chini tiknesa, mota ya hp 3. Muuzaji wa mtaa wa Gerezani, Dar, ananiambia inatumia umeme wa kawaida. Halafu kuna jamaa anauza Makita 2012NB iliyotoka Japani, imetumika lakini safi, bei yake inanishawishi kweli, ila kibati chake kimeandikwa volti 100.

Mngekuwa ninyi mngechukua ipi? Na je, inchi 12 zinatosha au nitajuta?

Kamanda_Manyoni

Mkuu achana na vitoto hivyo. Vuta fezi tatu, weka ile tiknesa kubwa ya MB106, upana milimita 600 na ushee, utaranda mbao za Nzuguni nzima na hela irudi yenyewe.

Mkazi_wa_Nzuguni

Kamanda, nina banda la mita 3 kwa 5 na mtoto mchanga nyuma ya ukuta. Fezi tatu siwezi, na mbao za watu sizitaki. Nataka nirande zangu.

Fundi_wa_Changombe

Kijana, marahaba, ingawa hujaniamkia.

Nakujibu kirefu kwa sababu swali lako ni zuri, ila umelianzia mkiani. Kila anayetaka tiknesa huuliza upana na nguvu ya mota. Mimi nakuuliza hivi: ukishaileta nyumbani, nani atakusawazishia uso wa kwanza wa ubao?

Maana tiknesa hainyooshi. Lielewe hilo kabla hujatoa hata shilingi. Ubao unalala mezani, visu viko juu, vinakata sambamba na meza. Kwa hiyo uso wa juu unafuata uso wa chini ulivyo. Ubao uliojinyonga ukiingia, rola zinaukandamiza mpaka unalala, visu vinapita, ukitokea upande wa pili unajirudia ulivyokuwa. Utakuwa na ubao wenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, laini, unang'aa, na bado umejinyonga vilevile. Nimewaona vijana wakirudisha mashine dukani wakidai ni mbovu kumbe inafanya kazi yake sawasawa.

Uso wa kwanza unasawazishwa kwa njia tatu. Kwa plena, ile ambayo visu vinatokea chini na ubao unapita juu yake. Kwa randa ndefu ya mkono, kama una kifua. Au kwa tiknesa yenyewe, ukiupandisha ubao juu ya kibebeo. Hii ya tatu ndiyo itakayokuokoa wewe mwenye banda dogo, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Chukua plywood ya milimita 18 iliyonyooka, upana sentimita 28, urefu kama ubao wako mrefu kabisa. Mbele yake gongomea kizuizi chembamba kisichozidi unene wa ubao, visu visikifikie. Kigongee kwa gundi na skrubu za kutokea chini, si misumari. Laza ubao, upande uliobonyea ukiangalia chini. Utaona unacheza: pembe mbili zimegusa, mbili ziko hewani. Usiukandamize hata kidogo. Chonga kabari nyembamba za paini, zisukume taratibu chini ya kila mahali penye upenyo mpaka ubao uache kucheza. Ugonge kwa kidole kila pembe. Pembe iliyokaa inatoa sauti nzito, iliyo hewani inalialia. Zikikaa zote, kila kabari ipe tone la gundi ya moto. Kisha chora mistari ya penseli juu ya ubao mzima, ya kwenda na kurudi, halafu pitisha ubao na kibebeo chake pamoja, ukishusha visu nusu milimita kila safari. Penseli inapobaki, kisu hakijafika. Ikifutika yote, ng'oa ubao, ugeuze, uso uliosawazishwa uulaze mezani bila kibebeo. Kuanzia hapo ndipo tiknesa inafanya utiknesa wake.

Sasa mbao zenyewe. Dodoma siyo Mafinga. Paini na saipras nyingi zinazoshuka hapa zimetoka mashamba ya Sao Hill na majirani zake kule Mufindi, na mara nyingi zimepasuliwa juzi tu. Ukizipandisha kwenye mashine siku hiyohiyo, mwezi wa Agosti, na upepo wetu huu mkavu usio na huruma, utakuwa unaranda maji. Utapata milimita 20 safi Jumatatu, wiki ikiisha ubao umebinuka. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti vya unene mmoja kati ya mbao na mbao, vijiti vifuatane wima juu hadi chini, ncha za mbao zipake rangi au gundi zisipasuke. Kujua kama zimekauka huhitaji kifaa cha bei. Pima ubao mmoja kwenye mizani ya duka la jirani, andika uzito kwa chaki kwenye ubao wenyewe, pima tena baada ya muda. Uzito ukiacha kushuka, ubao umelingana na hewa ya hapa.

Hata ukikauka, usirande mpaka unene wa mwisho siku moja. Toa pande zote mbili kwa usawa, bakiza milimita 2 au 3, uache usimame siku kadhaa hewa ipite pande zote, halafu ndipo umalizie. Ubao ukitolewa nyama upande mmoja tu lazima ugombane nawe.

Mninga wako ni mti wa heshima katika hili. Unasinyaa kidogo sana ukikauka na ukishatulia umetulia. Ubaya wake, nyuzi zake mara nyingi zinapishana: hapa zinaelekea huku, inchi mbili mbele zinarudi kule, na kisu kikienda kinyume kinang'oa vipande. Mkongo ndiyo kabisa. Dawa ni visu vikali na kukata kidogo. Kwenye karatasi Makita 2012NB inaruhusu milimita 3 kwa ubao usiozidi milimita 150, na milimita moja na nusu ukishafika upana wa 240 kwenda juu. Hizo ni za mbao laini na watu wenye haraka. Mninga mpana mimi nautoa nusu milimita, na mara ya mwisho robo.

Mtiki wa Longuza au Mtibwa utakula visu vyako kuliko mninga, kwa sababu una mchanga wa asili ndani ya nyuzi. Mvule nao wakati mwingine unaficha jiwe la chokaa ndani. Ukikutana nalo kisu kinapata pengo hapohapo na kuanzia hapo kila ubao unatoka na mstari, kama hao jamaa zako wa mjini. Kwa mashine ndogo zenye visu vya kutupa, vina makali pande mbili: upande mmoja ukichoka unageuza. Unaweza pia kusogeza kisu kimoja kidogo pembeni ili pengo la hiki lifunikwe na makali ya kile, kama mashine yako inaruhusu.

Upana: mninga ninaouona sokoni siku hizi mwingi ni inchi 6 hadi 10. Inchi 12 zinakutosha na kubaki. Uso wa meza hupitishi mzima, unaranda mbao zake moja moja halafu unaunganisha.

Kingine utakachokiona siku ya kwanza ni ncha kung'atwa. Sentimita 5 hadi 10 za mwanzo na za mwisho zinakuwa na bonde dogo, kwa sababu wakati huo rola moja tu ndiyo imeshika na mkia wa ubao unaning'inia. Unyanyue mkia kidogo unapoingia, na kichwa unapotoka. Mbao zikiwa nyingi, zipitishe moja nyuma ya nyingine zimegusana, halafu ya kwanza na ya mwisho ziwe vipande usivyovihitaji. Na siku zote randa ubao ukiwa mrefu kuliko kipimo chako, ukate baadaye. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 usikiingize kabisa, kikiachwa na rola ya kwanza kabla ya pili kukishika kinageuka risasi.

Ningekuwa wewe ningechukua ndogo mpya ya inchi 12 au 13, fedha itakayobaki ninunue seti ya pili ya visu palepale dukani na plywood ya kibebeo. DeWalt DW735 ina visu vitatu na spidi mbili za kusukuma ubao, ile ya polepole inaacha uso mzuri sana kwenye mti wa nyuzi mbishi. Makita ina visu viwili, ni nyepesi, kilo 28 hivi, unaibeba peke yako ukaiweka chini ya benchi. Zote mbili utazikuta kwa bei tofauti duka hadi duka, hilo kalifanyie kazi mwenyewe, na ukikuta bei inachekesha kagua namba ya mashine, kibati na kitabu chake, maana majina ya kubandika ni mengi.

Habari ya volti 100 waulize watu wa umeme. Mimi umeme nauheshimu nikiwa mbali.

Dada_Saketi

Mzee shikamoo. Kaka wa Nzuguni, mimi ni fundi umeme hapa Kisasa, mbao sizijui, ila volti 100 nazijua.

Kwanza usijaribu kuichomeka moja kwa moja "kuona kama inawaka". Itawaka kweli, kwa sekunde chache, halafu utanusa.

Makita ya aina hiyo ina mota ya kaboni. Utaitambua kwa vifuniko viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila upande wa mota, vinavyofunguka kwa bisibisi bapa. Mota ya kaboni haijali hezi 50 au 60, ndiyo maana inafanya kazi Tokyo kwenye 50 na Osaka kwenye 60 bila kubadilishwa kitu. Inachojali ni volti tu. Kwa hiyo inawezekana, kwa transfoma ya kushusha. Lakini sikiliza masharti.

Transfoma nyingi madukani zinashusha hadi 110, siyo 100. Mota ya 100 ukiilisha 110 siku nzima inazunguka kwa kasi zaidi na kupata moto zaidi, kaboni zinaisha mapema. Tafuta yenye njia ya 100, au itengenezwe na anayesuka koili. Ukubwa: mashine za Kijapani za kuchomeka ukutani zimepangiwa soketi ya ampea 15, yaani wati 1500 hivi, sasa wewe chukua transfoma ya VA 3000 ili isilie kila unapowasha. Inyanyue kwa mkono. Ya kweli ni nzito ya kukuinamisha. Ikiwa nyepesi na imeandikwa wati nyingi, hiyo ni ya kukatakata umeme kwa ajili ya pasi na vikausha nywele, mashine yako iepushe nayo.

Halafu iweke jirani na mashine, usiiweke ndani ya nyumba ukavuta waya mrefu wa volti 100 hadi bandani. Hesabu yake ni hii: waya wa milimita 1.5 kwa umbali wa mita 30, ampea 15 zikipita, unapoteza karibu volti 11. Kwenye 100 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Umeme huohuo ukisafiri ukiwa 230 unapoteza volti 5 tu. Ongeza gharama ya transfoma nzuri juu ya bei inayokushawishi, uone kama bado inakushawishi. Mtumba mwingine wa Japani unaouzwa una mota ya fezi tatu volti 200. Huo usiuguse.

Hiyo ya Kichina ya hp 3 "ya umeme wa kawaida": muuzaji hakudanganya, ila hakumaliza sentensi. Mota ya hp 3 ya fezi moja ikifanya kazi inakula kama ampea 13 au 14, na inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13. Utakuwa unabadilisha fyuzi kila siku na soketi itabadilika rangi iwe kahawia. Mashine hiyo inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, waya milimita 4, breka yake, na swichi yake ya kuwashia.

Ndogo mpya ya 230 yenye wati 1650 au 1800 ni ampea 7 hadi 8. Hiyo soketi inaimudu. Hata hivyo vuta laini ya milimita 2.5 hadi bandani badala ya ekstensheni ya kukunjwa. Ekstensheni ikitumika ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake inajipika.

Jioni moja, saa ile kila mtu Nzuguni anapika na kuangalia taarifa ya habari, chukua mita upime soketi ya bandani huku umechomeka pasi na birika pamoja. Ikishuka chini ya 207, mashine yoyote utakayonunua italalamika, na hapo cha kwanza ni kwenda TANESCO kuuliza habari ya laini yako. Pia pima ethi. Udongo wetu kiangazi unakauka mpaka fimbo ya ethi inakuwa pambo. Mwagia maji, ongeza fimbo ya pili, na weka breka ya kukata umeme unapovuja. Banda la bati na mashine ya chuma ni vitu vya kuheshimiwa.

Gharama ya umeme isikutishe. Saa nzima ya kuranda bila kupumua ni uniti 1.8. Kwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, elfu kumi inapotoa uniti 28 hivi, hiyo ni chini ya shilingi 700.

Mwana_Singida

Shikamoo Mzee wa Chang'ombe. Nakubali karibu yote, ila niitetee kidogo mashine ya chuma maana ndiyo niliyonayo na milango ndiyo kazi yangu.

Mlango una pembeni ndefu mbili za mita 2 na ushee ambazo lazima ziwe zimenyooka na ziko skwea na uso. Kibebeo kinasawazisha uso, hakikupi ukingo. Mimi nalaza ubao juu kwenye plena, napata uso, naegemeza kwenye fensi (ule ubavu wa chuma uliosimama juu ya meza ya mashine), napata ukingo, nashusha chini kwenye tiknesa, nimemaliza, mashine moja. Mota yake inanguruma chini chini, siyo kile kilio cha mashine ndogo. Visu ni virefu vya kunoa, vikichoka nanoa, sisubiri mzigo wa Dar.

Lakini anayeinunua awe mtu wa kuvumilia. Yangu ilifika meza mbili za juu haziko sambamba, muuzaji akaacha kupokea simu, nikaziweka vipande vya bati chini mwenyewe hadi zikakaa. Visu navyo unavipanga kwa mkono. Unachomoa plagi, unaweka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya nyuma, ncha yake ipite juu ya visu, unachora alama ya penseli kwenye kijiti usawa wa ukingo wa meza. Unazungusha shafti kwa mkono: kisu kinakigusa kijiti na kukisogeza mbele. Unachora alama ya pili. Umbali kati ya alama uwe milimita 3 hivi, na uwe uleule kwa kila kisu, kushoto, katikati na kulia. Kisu kinachosogeza zaidi kimetoka zaidi, kinashushwa. Ukikaza boliti moja hadi mwisho kabla ya nyingine kisu kinanyanyuka tena, kwa hiyo unakaza kidogo kidogo kwa zamu. Mtu akikuambia ni kazi ya dakika kumi hajawahi kuifanya.

Na kaka, umeipima sakafu? Ubao wa mlango wa mita 2.1 unahitaji mita 2.1 kabla ya mashine na 2.1 baada yake, jumla 4.2, ongeza mwili wa mashine. Banda lako la mita 5 limekwisha, wewe mwenyewe utasimama wapi? Ndogo unaweza kuielekeza mlangoni ubao utokee uani. Ya chuma ukishaitua imetua. Yangu ilishushwa na wanaume wanne na bado walinisema.

Ukienda dukani, iwe ipi, beba rula ya chuma ya mita moja na kipande cha mninga chenye upana. Laza rula kwenye meza kwa urefu na kwa mshazari, angalia kama mwanga unapita chini yake. Mashine ikiwa imezimwa na plagi iko nje, zungusha shafti, isiwe na mchezo wala mkwaruzo wa beringi. Halafu omba ipitishwe kipande chako, kisha kipime pembe zote nne kwa venia. Muuzaji akikataa kuiwasha, umeshapata jibu.

Fundi_wa_Changombe

Mwana wa Singida amesema kweli kuhusu ukingo. Kijana mwenye banda dogo ukingo ataupata kwa randa ndefu ya mkono na skwea, au kwa msumeno wa meza kama anao, ubao ukiwa umefungwa kwenye plywood iliyonyooka. Kwa milango michache kwa mwezi inatosha. Siku ikigeuka kuwa biashara, atanunua plena ndogo peke yake na tiknesa ataendelea nayo.

Mkazi_wa_Nzuguni

Mzee shikamoo, na samahani kwa kukurukia bila salamu. Dada Saketi, Mwana Singida, asanteni sana.

Mrejesho. Nilipima umeme kama nilivyoelekezwa: saa mbili usiku na pasi na birika juu, volti 214. Mtumba wa Japani nimemwachia mwenyewe. Bei ya transfoma yenye njia ya 100 imekula tofauti yote, na huyo jamaa visu vya akiba hana. Ya chuma imekufa kwenye sakafu, nilichora kwa chaki nikaona nitakuwa naranda nimesimama juu ya dirisha.

Nilikuwa na safari ya Dar, nikapanda SGR na rula ya chuma mkononi, watu wananiangalia. Gerezani duka la kwanza walikataa kuwasha, wakasema mashine ikishaguswa na mbao ni mtumba. La pili kijana aliiwasha bila neno. Kipande changu cha mninga, upana milimita 210, kilitoka pembe zote nne ndani ya kumi ya milimita, ila ncha imeng'atwa kidogo kama Mzee alivyosema. Nimechukua ya inchi 12, volti 230, na seti mbili za visu. Imebaki hela ya waya na breka.

Kilichobaki ni mambo mawili. Maranda yanajaa vibaya mno. Ubao mmoja tu banda zima limefunikwa. Na kelele. Jirani yangu ni mama mmoja mfugaji wa kuku, jana alikuja getini kuuliza kama nasaga mawe.

Fundi_wa_Changombe

Marahaba. Kelele hazina dawa, mota ya kaboni ndivyo ilivyo, mtu unapanga saa tu. Elekeza mdomo wa mashine uani, mbali na ukuta wa jirani, na visu viwe vikali maana butu linapiga kelele zaidi. Wewe mwenyewe vaa vizuia sauti masikioni, siyo pamba. Shati la mikono mirefu isiyofungwa hapana, glavu hapana.

Maranda, funga bomba pana nyuma liingie kwenye pipa lenye gunia juu ya mdomo, hewa itoke maranda yabaki. Bomba jembamba la kusafishia nyumba litaziba hapohapo. Na barakoa usiivue ukiwa na mninga, vumbi lake linawasha pua na kifua kwa watu wengi, wengine hadi pumu.

Halafu mwenye kuku huyo unamkimbilia nini? Mpe maranda ya paini, makavu, wafugaji wanayanunua ya kutandika bandani. Ya mninga usichanganye, kwa sababu hiyohiyo ya vumbi.

Dada_Saketi

Na yasilundikane chini ya soketi, kaka. Makavu hayo yanashika moto kwa cheche moja.

Mkazi_wa_Nzuguni

Nimeongea na mama. Amekubali saa nne asubuhi hadi kumi na moja jioni, Jumapili hapana kabisa, na Jumamosi nimjulishe kwanza kama kuna vifaranga wapya. Anataka magunia mawili ya paini kila mwezi na amesema atayakagua.